Kambi, ukuta na wagonjwa: kuhusu mchezo wa telefone unaochezwa na vijana wetu wa Beni na Butembo

Wazazi wengi wa Butembo na Beni wanatuuliza sisi wachungaji swali moja. Mtoto amejifunika blanketi, mwanga wa telefone unaonekana chini yake, na ukisogea karibu unaona mji ulioharibika, watu wagonjwa wanaotembea kama maiti, na ukuta ambao mtoto anaujenga ili wasiingie. Wazazi wanauliza: mchungaji, hii ni dhambi? Wengine hawaulizi, wananyang'anya telefone tu.

Kabla ya kusema ni dhambi au si dhambi, ni vizuri tuufahamu mchezo wenyewe, kwani mtu hawezi kukemea vizuri kitu asichokijua. Kisha tutauweka kando ya yale tuliyoyaishi hapa kwetu tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Mahali pengi duniani mchezo wa tauni ni hadithi tu. Hapa, kijana anayeucheza anaweza kuwa ni yule aliyepimwa joto kila asubuhi kwa siku 21, majirani wakimtazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Mchezo unakwenda namna gani

Michezo hii ni mingi, lakini mifupa yake ni ile ile. Ugonjwa umetokea, dunia imeanguka, waliobaki ni wachache. Wewe mchezaji unapewa kiwanja kidogo chenye majengo mabovu, na kazi yako ni kukigeuza kuwa kambi. Katika mmoja unaojulikana sana, State of Survival, uliotoka mwaka 2019, unatafuta vitu vinne: chakula, mbao, chuma na gesi. Unajenga shamba, hospitali, mahali pa kufundishia askari, na katikati jengo kuu. Jengo kuu likipanda daraja, mengine nayo yanaruhusiwa kupanda. Nje ya ukuta wanazunguka wagonjwa. Nje zaidi kuna wachezaji wengine, watu wa kweli wa nchi mbalimbali, ambao wanaweza kuungana nawe au kuja kukupora wakati umelala.

Si mchezo wa kupiga risasi tu. Kijana anapiga hesabu: nikimaliza mbao zote kwa ukuta leo, hospitali nitaijenga na nini kesho? Nikituma watu kutafuta chakula mbali, nani atalinda mlango? Nilimwomba kijana mmoja wa kanisa letu anionyeshe, tukakaa karibu saa mbili, na nikaona kwamba akili inayotumika pale si ndogo. Kuna wazee wa kamati ya ujenzi wa kanisa ambao wangefaidika kuketi naye.

Sehemu inayotega ni saa. Jengo la kwanza linasimama kwa sekunde chache. La baadaye linadai saa nyingi, halafu siku. Mchezo unakuambia: ngoja, au lipa. Kuuingiza kwenye telefone ni bure, lakini hapo kwenye kungoja ndipo kampuni inapopata pesa yake. Vijana wetu wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo wanalipa na kitu kingine: usingizi. Muungano wao una watu wa Asia na Amerika, na vita inapigwa saa nane ya usiku ya kwetu kwa sababu huko ni mchana. Kisha kuna mega. Franka zilizotumwa kununua kalamu na daftari zinaishia kwenye mega. Juu ya jambo hili sina maneno mengi: mzazi aweke saa ya kuzima telefone, naye mwenyewe aifuate, maana baba anayetazama mpira mpaka usiku wa manane hataeleweka.

Michezo ya tauni kabla ya huu

Tauni iliingia katika michezo zamani, na wataalamu wa afya walianza kuitazama mapema. Mwaka 2005, katika mchezo wa mtandaoni unaoitwa World of Warcraft, watengenezaji waliweka ugonjwa ambao ulipaswa kubaki mahali pamoja tu. Ukatoka. Ulibebwa na wanyama wa wachezaji mpaka katika miji mikubwa ya mchezo. Kilichoshangaza ni mwenendo wa watu: wengine walikimbia, wengine walibaki wakijaribu kuponya wenzao hata wakaambukizwa, wengine walikwenda kwa makusudi kuueneza. Watafiti wawili wa Marekani, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2007 katika jarida la kitabibu, wakisema wanaochunguza milipuko ya kweli wana la kujifunza hapo.

Mwaka 2012 Mwingereza James Vaughan alitoa Plague Inc., ambamo wewe ndiwe ugonjwa na lengo lako ni kuua dunia nzima. Mnajua wenyewe namna jina kama hilo linavyopokelewa katika mkutano wa wazazi. Lakini Novemba 2020, wakati wa korona, watengenezaji wake walitoa sura nyingine, kwa msaada wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, ambamo mchezaji anapigana na ugonjwa. Anatafuta wagonjwa, anafunga mipaka, anatengeneza chanjo. Na kuna kipimo kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote: kipimo cha mamlaka. Watu wakikufa wengi, au ukiwabana sana, mamlaka yako yanashuka. Yakifika sifuri umeshindwa, hata kama chanjo iko karibu kuwa tayari.

Hapo ndipo mchezo unapoanza kusema lugha ya Butembo.

Yale tuliyoyaishi

Tarehe 1/8/2018 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola kule Mangina, karibu kilomita 30 kutoka mji wa Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika nchi yetu na wa kwanza katika Kivu ya Kaskazini. Ulitangazwa kwisha tarehe 25/6/2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Kwa ukubwa duniani ni wa pili, nyuma ya ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka 2014 mpaka 2016.

Sasa, kama tungeandika hesabu za mlipuko ule kama hesabu za kambi ya mchezo, tungesema mchezaji alikuwa tajiri. Chanjo ilikuwepo tangu wiki ya kwanza, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Ilitolewa kwa duara: kwanza aliyemgusa mgonjwa, kisha aliyemgusa yule aliyemgusa. Dawa zilikuwepo. Nne zilijaribiwa hapa kwetu, na Agosti 2019 mbili zikaonekana kuokoa wengi zaidi, hasa kwa mtu anayefika mapema. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi iliyoshikwa na Profesa Muyembe na wenzake. Kule Beni kulikuwa na vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo mama aliweza kumwona mtoto wake mgonjwa uso kwa uso. Magari, mahema, klorini, watu wa riposte kutoka kila upande wa dunia. Kichezaji chochote kikipewa vitu hivyo kingefunga mchezo kwa muda mfupi.

Kwetu ilichukua karibu miezi 23. Kwa nini?

Watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Wenye kuamini viongozi wa mahali walikuwa chini ya theluthi moja. Na yule asiyeamini ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo ya kukubali chanjo au kwenda kutibiwa. Hayo yalisemwa mwezi wa pili tu wa mlipuko.

Wageni waliandika kwamba watu wetu ni wajinga. Mimi sikubali. Tukumbuke mambo yalivyofuatana. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na panga usiku, na waliopiga kelele kuomba msaada hawakuona magari. Ebola ikaja, na magari yakaja pamoja nayo, mengi kwa mara moja. Mama wa Oicha anauliza: kwa nini kifo hiki kina pesa na kile hakina? Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto, kuliko Ebola yote, na mahema yake hatukuyaona kwa wingi ule. Tarehe 26/12/2018, siku nne kabla ya uchaguzi, ikatangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akapatikana bila sisi. Kesho yake kituo kimoja cha kupokea wagonjwa mjini Beni kilivamiwa. Siku ya uchaguzi yenyewe watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakasimama kwa mstari, wakanawa mikono, wakatia karatasi ndani ya sanduku. Mtu anayenawa mikono kabla ya kupiga kura isiyohesabiwa si mtu asiyejua Ebola ni nini.

Halafu mabaya yakafuatana. Tarehe 24/2/2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa, siku tatu baadaye kile cha Butembo kikashambuliwa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 19/4/2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa katika mkutano ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Alikuja kutusaidia, akarudi kwao ndani ya sanduku. Sababu zote nilizozitaja juu hazimfuti yeye, na kanisa lisizitumie kumfuta.

Upande gani wa ukuta

Katika michezo hii mchezaji daima yuko ndani ya ukuta. Kamera imewekwa juu ya kambi, taa zinawaka, watu wake wanatembea, na kilicho nje ni hatari. Hakuna mchezo niliouona ambamo unaanza ukiwa nje, ukitazama ukuta wa watu wengine.

Sisi tulikuwa nje. Kituo cha matibabu kilikuwa na uzio, mlinzi na mlango ambao ndugu yako anaingia na wewe unabaki. Kambi ya umoja wa mataifa ilikuwa na uzio pia. Mnakumbuka tarehe 25/11/2019, baada ya mauaji ya mfululizo, vijana wa Beni walipochoma ofisi ya mji na sehemu ya kambi hiyo ya umoja wa mataifa huko Boikene. Sisemi walifanya vema. Nasema kwamba kijana anayejenga ukuta katika telefone yake leo, kwa mikono ile ile labda alirusha jiwe juu ya ukuta mwingine. Hiyo ni faida moja ya kuzungumza naye juu ya mchezo: muulize anafikiri nini juu ya watu walio nje ya kambi yake, na kama wana majina.

Uongo mkubwa zaidi wa michezo hii, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyeambukizwa harudi. Akishaambukizwa si mtu tena, ni shabaha. Kwetu zaidi ya watu 1,100 waliingia katika vituo vile wakatoka wazima. Tuliwaita washindi. Wengi wao, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, walirudi kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, watoto ambao hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuwabeba. Mwanamke aliyeponea kifo chembamba anakaa usiku kucha na mtoto wa mwanamke asiyemjua. Jambo hilo ni kubwa kuliko kila kitu nilichokiona kwenye kioo cha telefone, na hakuna kitufe chake.

Lakini washindi hao hao waliporudi kwenye kartie zao, wengine walikuta wapangaji wamehama, wateja wa meza yao sokoni wamehamia meza nyingine. Sisemi michezo ndiyo iliyofundisha ubaguzi huo. Ulikuwepo bila msaada wa telefone. Nasema tu kwamba mahali ambapo mtu aliyepona bado anaonyeshwa kidole, hadithi inayosema mgonjwa ni mnyama si hadithi nyepesi, na tusiiache ipite bila kuijibu.

"Pale ni mimi ninaamua"

Kuna kijana wa kwaya ambaye mama yake alikufa mwaka 2019. Anacheza mchezo huu kuliko wenzake wote. Shangazi yake anayemlea alinijia akiwa na hofu: mtoto aliyeona yale, anatafuta nini tena huko?

Nilimwuliza. Hakujibu haraka. Baadaye akasema: "Pasta, pale ni mimi ninaamua." Ambulansi ilipokuja kwao hakuna aliyemwuliza kitu. Alisimama mbali siku ya mazishi, watu wenye mavazi meupe wakashusha kile walichokishusha, na hakuruhusiwa kunawisha mwili wa mama wala kushika sanduku. Kila mmoja wetu anajua sababu ya kitabibu. Maiti ya Ebola inaambukiza kuliko mgonjwa aliye hai, na mazishi yale yaliokoa watu. Mtoto naye anaijua sababu hiyo. Haimsaidii kitu usiku.

Wenzake wanamcheka kwa sababu hospitali ya kambi yake iko daraja la juu sana na askari wake ni dhaifu, kwa hiyo anaporwa mara kwa mara. Anajenga tena. Hospitali kwanza.

Nilimwambia shangazi asimnyang'anye telefone. Tulipanga saa ya kuzima, na tulipanga pia jambo lingine ambalo lilikuwa limechelewa: kwenda pamoja kaburini, kwaya nzima, na kufanya ibada ambayo haikufanyika mwaka ule. Familia ngapi katika makanisa yetu zina kaburi lililofungwa kwa dakika kumi, bila wimbo? Wachungaji wenzangu, daftari ya vifo vya miaka 2018 mpaka 2020 iko katika ofisi zenu. Fungueni.

Biblia na kambi

Wazazi wengine wanaleta Mambo ya Walawi sura ya 13, pale mwenye ukoma anapokaa nje ya kambi, na kusema: mnaona, hata Mungu alijenga ukuta. Ni kweli kwamba kutenga mgonjwa ni jambo la zamani na si la wazungu, na wakati wa Ebola tulilihubiri. Lakini someni Hesabu 12 pia. Miriamu alipigwa na ukoma, akawekwa nje siku saba, na taifa zima halikung'oa hema mpaka aliporudishwa ndani. Watu maelfu jangwani, maji ni machache, na wanamngoja mgonjwa mmoja. Kutengwa kwake kulikuwa na tarehe ya mwisho, na kulikuwa na watu waliokuwa wakihesabu siku pamoja naye.

Na kwa kijana anayependa kujenga, kuna Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52, kila familia ikijenga mbele ya nyumba yake. Lakini katikati ya kazi, sura ya 5, maskini walipiga kelele kwamba ndugu zao wanawakopesha kwa riba na kuchukua mashamba na watoto wao. Nehemia aliitisha mkutano, akawabana wakubwa warudishe. Ukuta uliendelea baada ya hapo. Katika State of Survival sijaona mtu ndani ya kambi analalamika juu ya deni.

Jaribio kwa kikundi cha vijana

Hatukupiga marufuku. Tulitengeneza mchezo wetu wa mezani, kwa karatasi kubwa na maharagwe, na kila kanisa linaweza kuuiga bila gharama. Chora kartie sita mnazozijua. Weka bakuli nne: chakula, dawa, watu wa kazi, na kuaminiwa. Kila bakuli maharagwe ishirini. Kila raundi kikundi kinachora karatasi yenye tukio: mgonjwa amekimbia kituo, chanjo imefika lakini haitoshi, kijiji kimeshambuliwa usiku na barabara imefungwa, mkubwa amesema neno baya kwenye redio, familia inaomba kumwona marehemu. Wanajadiliana dakika tano, wanaamua, kisha washauri wawili wanaondoa au kuongeza maharagwe. Ni vizuri mmoja wa washauri awe mshindi wa Ebola, akikubali mwenyewe, na asilazimishwe kusimulia yake. Raundi zisizidi kumi, la sivyo wadogo wanaanza kula maharagwe mabichi.

Mara ya kwanza vijana wetu waliishiwa na bakuli la kuaminiwa katika raundi ya nne, huku dawa zikiwa bado kumi na saba. Walibishana kwamba washauri waliwaonea. Wakaomba kuanza tena, na safari hii, kabla ya kuweka hema lolote, walimtafuta kwanza mama mmoja muuza ndizi wa kwenye ramani yao na kumweka katika kamati.